Fundi katoboa laina ya bwawa langu kwa kisu cha jikoni, sasa anasingizia jua

Wakuu, habari za usiku. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Nipo Buswelu, hapa Mwanza. Nyuma ya nyumba nimechimba kibwawa cha sato, mita 6 kwa 8, kina mita 1.2. (Ndiyo, najua ziwa liko pale chini, majirani wamenicheka vya kutosha.) Huku kwetu ukichimba ni mawe na kokoto, maji hayatuami bila laina, lile karatasi gumu la plastiki la kutandika ndani ya bwawa. Nikanunua laina ya mita 10 kwa 12 na bomba la inchi 4 la kutolea maji machafu. Nikatafuta fundi. Akaapa kwamba ameshatandika mabwawa mpaka Sengerema.

Nilimwambia amwage mchanga laini chini kwanza, mawe yasije yakachoma laina. Mchanga niliununua mwenyewe, tripu nzima. Jioni narudi kazini, mchanga uko palepale getini, laina imeshatandikwa juu ya kokoto. "Mama, hii ngumu, haichomwi na kitu."

Hilo nilimeza. Kilichoniua ni tundu la bomba. Kachukua kisu changu cha kukatia nyanya, kakata msalaba kwenye laina, kapenyeza bomba, halafu kazungushia silikoni kama anapaka mkate siagi. Jamani, silikoni haishiki kwenye laina ya plastiki! Nimekuja kuibandua kwa kidole kimoja, imetoka nzima kama ganda la ndizi. Pale zinatakiwa flenji mbili (zile pete pana zenye matundu ya bolti), moja chini ya laina, nyingine juu, na mpira wa kuzuia maji. Unakaza bolti kwanza, ndipo unakata tundu kwa ndani. Mimi si fundi na nimelijua hilo, yeye wa Sengerema hajui?

Nikajaza maji ya bomba, uniti zaidi ya 40, nikayaacha siku nne klorini iishe. Yakatulia. Nikatia vifaranga 300. Usiku wa pili yakashuka shubiri nzima. Nampigia: "Mama, hilo ni jua la Mwanza." Jua gani linawaka usiku? Hata mchana wa jua kali halimalizi shubiri!

Kesho yake asubuhi maji yapo kwenye vifundo vya miguu, korongo wawili wamesimama katikati ya bwawa, wametulia kama walioalikwa. Niliokoa vifaranga themanini na kitu, nikawatia kwenye simtanki. Maji yamepita chini ya laina, yametokea kwenye ukuta wa jirani, na udongo kule umeanza kutitia. Jirani naye hanisalimii.

Fundi sasa anataka laki moja na nusu ya "kurudia kazi", tena nimtumie nauli kwanza. Situmi hata mia. Mwenye kumjua fundi wa hapa Mwanza mwenye flenji zake na mashine ya kuchomelea laina, aniambie.

Na kisu changu kaondoka nacho.