Naombeni ushauri: kunukuu mistari ya Shakespeare kwenye esei

Wakuu habari za mda huu, naomba msaada kwa mliosoma fasihi. Naandika esei ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, nalinganisha hotuba ya Brutus na ya Antony pale sehemu ya 3 onyesho la 2, sasa shida ni namna ya kuwanukuu. Antony anaongea kishairi kwahiyo mistari miwili mitatu naiweka ndani ya aya na mkwaju (/) kati ya mstari na mstari, ikizidi mitatu naishusha chini bila alama za kunukuu, hapo MLA (mwongozo wa kunukuu na kuandika marejeo) wako wazi, na kwenye mabano naandika 3.2 na namba za mistari, sio ukurasa. Ila Brutus hotuba yake ni nathari tupu, yaani lugha ya kawaida isiyo ya kishairi (ujanja wa Shakespeare huo, napenda sana), mkwaju hauhitajiki, lakini namba za mistari je? Maana nathari inakatika kufuatana na upana wa ukurasa, toleo hili namba zake na lile zake. Mwenzangu mmoja anasema taja sehemu na onyesho tu inatosha, mwingine anasema weka namba za toleo ulilotumia ilimradi toleo lenyewe liwe kwenye marejeo. Nimfuate nani?

Alafu nataka kuweka pia tafsiri ya Mwalimu Nyerere, Juliasi Kaizari ya 1969. Hiyo nayo naenda na sehemu na onyesho au ukurasa? Na jina linalotangulia ni la Shakespeare au Mwalimu?

Kukusanya ni Ijumaa, mwenye mfano wa mabano yalivyokaa aniwekee hapa tafadhali.