Antena yenye kichujio au dishi? Mnara wa simu umetuharibia chaneli za bure (Tanga)

Barubaru_wa_Sahare
Wanajamvi, habari za jioni. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela mfukoni. Nyumbani tunatumia king'amuzi cha antena na siye shida yetu ni chaneli za bure tu: TBC1, ITV, Channel Ten, basi. Miaka yote ilikuwa inashika vizuri. Tangu wawashe mnara wa simu hapa jirani, picha inaleta chenga, mara inaganda, sauti inakatika katikati ya taarifa ya habari. Anayeumia zaidi ni mama, TV ndiyo mwenzake wa jioni.

Ninafikiria njia mbili. Ninunue antena mpya na kichujio cha mawimbi ya simu, au niachane na antena niweke dishi. Kipi bora? Halafu, gharama hii kwa nini niibebe mimi wakati mnara ni wao?

FundiAntena_Makorora
Mkuu, hapo bado hujatueleza kitu. Mnara uko umbali gani, na uko mbele ya antena au nyuma yake? Una boosta, kile kifaa cha kukuza mawimbi? Waya una urefu gani, umegawa kwa TV ngapi? Zinaganda chaneli zote au baadhi? Ingia kwenye menyu ya king'amuzi, pale pa kutafuta chaneli, utaona mistari miwili: nguvu ya mawimbi na ubora. Isome yote miwili, na uandike namba ya masafa iliyo pale, ile ya MHz. Na bajeti yako ni shilingi ngapi? Bila hayo tutakuwa tunabahatisha na hela ni yako.

DishiKwanza
Usihangaike kaka, weka dishi. Antena za bati kwa pwani hii ni kazi bure, chumvi inazila. Dishi la kawaida linapokea kuanzia gigahezi 10 kwenda juu, mnara wa 4G hauligusi kabisa. Labda mvua kubwa ya masika ndiyo itakukatia picha kidogo, ikipita inarudi. Na juu ya hapo utaona ligi.

MzeeWaMkwakwani
Ligi ndiyo hoja yenyewe. Coastal ikicheza ugenini utaionea wapi kwenye chaneli za bure? Mie ni wa enzi za 1988, Coastal Union ilipochukua ubingwa wa Bara, mechi tulizifuata redioni. Leo mtu unakaa sebuleni unaona kila kitu. Kijana, mwekee mama yako dishi.

Barubaru_wa_Sahare
Shikamoo mzee. Mama si mtu wa mpira, anataka habari na tamthilia. Na dishi ukiacha kulipia kifurushi mwezi mmoja tu, unabaki na nini?

Bint_Kaole
Kaka yangu, nimesoma nikasisimka, maana haya yametupata Bagamoyo vilevile. Nakueleza yote usije ukapitia njia tuliyopita sisi.

Mama yangu anakaa Magomeni, Bagamoyo. Mnara ulisimamishwa kiwanja cha nyuma. Ulipowashwa tu, chaneli zikaanza kuganda. Tukaita fundi wa mtaani, akasema mawimbi ya TV yamekuwa dhaifu, akatuuzia boosta. Picha ikaharibika zaidi. Akarudi akasema hiyo boosta ni ndogo, akaleta kubwa, ndipo chaneli zikapotea kabisa. Akaja na mlingoti wa boriti ya mikoko ili antena ipande juu ya minazi. Mwisho akasema king'amuzi kimekufa. Hela yote hiyo ilitoka kwenye pensheni ya mama.

Nikapiga huduma kwa wateja ya kampuni ya simu. Dada wa kwanza aliniuliza natumia bando gani. Nikamwambia dada, mimi nalalamikia TV. Akanielekeza nizime simu niwashe. Nikaendelea kupiga hadi wakamtuma kijana mmoja, akasimama chini ya mnara na kifaa chake cha kupimia, akasema mawimbi yao yako sawa, akaondoka. Upande wa king'amuzi nao wakasema nilipie kifurushi kwanza ndipo wanihudumie. Chaneli za bure, nilipie kifurushi!

Aliyetuokoa ni mtoto wa shangazi anayesomea umeme Dar. Alipanda juu akafungua konekta ya antena: waya wa shaba umegeuka kijani, na ule wavu wa nje wa waya ukawa unapukutika mkononi kama majivu. Akatueleza kwamba wavu ukishaoza, waya wenyewe unageuka antena, unavuta mawimbi ya simu njia nzima. Akabadilisha waya, akaondoa boosta, akaweka kichujio kidogo cha chuma pale juu. Picha ikarudi. Mpaka leo inasumbua baadhi ya usiku, kipindi cha joto la kaskazi, lakini mama anaangalia habari.

Kwa hiyo mimi nasema kichujio. Na nasema pia aliyewasha mnara alipaswa kumlipa mama yangu. Sijaacha kuliwaza hilo.

FundiAntena_Makorora
Dada pole sana kwa mama, na huyo kijana wenu anajua kazi. Ila huo usumbufu wa usiku wa joto hausababishwi na mnara. Hewa ya baharini ikijipanga kwa tabaka, mawimbi ya TV ya mbali yanateleza juu ya maji yanafika yasikotakiwa. Hata huku Tanga kipindi hicho king'amuzi kinaweza kudaka masafa ya ng'ambo.

Lakini kwenye suala la nani alipe tutapishana. Nieleze kitaalamu kidogo. TV za antena upande wetu wa dunia zilikuwa zinatumia masafa ya UHF kuanzia 470 mpaka 862 MHz. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa 2007 ukatenga kipande cha juu, 790 hadi 862, kwa ajili ya simu. Mikutano ya 2012 na 2015 ikaongeza 694 hadi 790. TV ikabaki na 470 hadi 694. Kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipiga mnada masafa ya 700 MHz mwaka 2018. Sasa chukua boosta yako usome kibandiko. Ikiwa imeandikwa 470–862, maana yake inakuza mawimbi ya TV na ya mnara kwa pamoja. Mnara uko karibu, mawimbi yake ni makali, boosta inazidiwa, inaanza kuchanganya kila kitu. Ndiyo maana boosta kubwa iliua picha. Mnara haukuingia kwenye masafa ya TV hata chembe. Boosta ndiyo iliyotoka nje ya masafa yake.

Bint_Kaole
Fundi, nakuheshimu, ila hapo umemwonea mama. Boosta aliuziwa dukani kihalali, imeandikwa 470–862 kwa sababu hayo yalikuwa masafa ya TV. Masafa yakagawiwa upya, yeye hakuulizwa wala hakuambiwa. Aliyeyanunua anapata faida kila siku. Bibi wa pensheni ndiye anunue kichujio ili biashara ya mwingine isimharibie taarifa ya habari?

Mtanga_Ughaibuni
Naunga mkono dada. Mie nipo Uingereza, hili kwao limepita na lilikuwa na utaratibu. Walipouza masafa ya 800 MHz kwa ajili ya 4G mwaka 2013, walishaona mapema kwamba yatasumbua Freeview, ambayo ndiyo TV yao ya bure ya antena. Kampuni zilizopata masafa zikabebeshwa gharama, ukatengwa mfuko wa pauni milioni 180, ukaundwa mradi unaitwa at800. Vichujio vilitumwa majumbani kwa posta bila malipo. Wazee wa miaka 75 na zaidi na watu wenye ulemavu waliweza kufuatwa na fundi nyumbani. Kichujio kikishindwa, mtu alihamishiwa njia nyingine ya kupokea TV kwa hela ya mfuko huohuo. Kabla ya hapo walikadiria nyumba hadi milioni 2.3 zingeweza kuathirika, waliopata shida kweli wakawa wachache sana kuliko hao. Lakini mfuko ulikuwepo kabla ya mnara wa kwanza kuwaka.

Msaada ule ulihusu TV kuu ya nyumba, siyo ya kila chumba. Na wa dishi peke yake hawakuhusika.

Wakili_Pangani
Mtanga, umetaja jambo la msingi bila kulikazia: sharti liliwekwa kabla masafa hayajakabidhiwa. Ukishauza masafa bila sharti, kumrudia mnunuzi baadaye ni kesi ngumu, kwa sababu atasimama aseme yupo ndani ya masafa yake. Kwetu sheria inayosimamia ni ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010. Njia ya malalamiko unaanza na mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, usipige simu tu. Asipokuridhisha unakwenda TCRA. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, kazi yake ni kumsemea mtumiaji.

Shida ya pili: mnara mmoja mara nyingi una kampuni zaidi ya moja zilizopanga, na mwenye mnara ni mwingine kabisa. Barua unampelekea nani? Ndugu yetu wa Sahare apige picha ya bango la mnara, aandike tarehe picha ilipoanza kuharibika, apige video ya skrini. Majirani wenye antena waandike naye. Barua ya nyumba kumi haifanani na ya nyumba moja.

DishiKwanza
Barua, TCRA, baraza, na mama wakati wote huo anaangalia chenga. Dishi linawekwa kwa siku moja.

Wakili_Pangani
Kaka, umesahau 2018? Ving'amuzi vya dishi viliamriwa kuondoa chaneli za bure za nyumbani kwa sababu ya masharti ya leseni. Watu wakabaki na dishi juu ya bati na chaneli nyingi za nyumbani hawazioni. Anayetaka chaneli za bure bila wasiwasi huo, antena ndiyo yake.

MzeeWaMkwakwani
Mimi nilivyoelewa chaneli zilirudi. Na hata antena mwanzoni mwa 2013 walipozima analojia hapa Tanga, siye wenye TV za zamani tuliambiwa tununue ving'amuzi kwa hela zetu. Nani alitulipa? Hakuna. Hili la kubebeshwa halijaanza na mnara.

Bint_Kaole
Shikamoo mzee. Ndiyo maana lazima safari hii tuseme.

Barubaru_wa_Sahare
Nashukuruni wote. Nimepanda juu leo. Mnara upo kama mita mia mbili, karibu usawa ule antena inakoelekea. Boosta ipo, imeandikwa 47–862. Nguvu inasoma 90 na kitu, ubora unapanda na kushuka, mara 60 mara 15, na jioni ndiyo mbaya zaidi. Zinazoganda ni zile zenye masafa ya 600 na kitu. Za 500 afadhali.

FundiAntena_Makorora
Sasa tunaongea. Nguvu kubwa na ubora mbovu, jioni watu wakiwa wengi mtandaoni, na masafa ya juu ndiyo yanaumia: hiyo ni boosta kuzidiwa. Kabla hujanunua chochote, itoe boosta, unga waya moja kwa moja, tazama usiku mmoja. Ikibidi ununue kichujio, chukua kinachokata kuanzia 694, siyo vile vya zamani vya 790, hivyo vinapitisha 700 yote. Na kikae kabla ya boosta, upande wa antena. Ukikiweka baada yake umetupa hela. Bajeti bado hujasema mkuu.

Mtanga_Ughaibuni
Nyongeza: kama mna antena ya ndani, simu zisikae karibu nayo. Kwenye 700 simu yenyewe inatuma kuanzia 703 MHz, ni hatua chache tu kutoka mpaka wa TV.

Barubaru_wa_Sahare
Nitatoa boosta kwanza. Kaka mkubwa naye kapiga kutoka Dar anataka dishi, anasema atachangia nusu. Sijui. Ya barua nitaongea na majirani baada ya Ijumaa.

Mvuvi_wa_Kigombe
Samahani naingilia. Mie nina lile dishi kubwa la futi nane, la chaneli za bure za nje. Jamaa kaniambia 5G ikifika huku litakuwa halifai. Kweli?

FundiAntena_Makorora
Dishi kubwa la C-band linapokea takriban gigahezi 3.4 hadi 4.2, na 5G inatumia maeneo ya 3.5, kwa hiyo hapo kuna hoja, siyo uvumi. Vipo vichujio vya kufunga kwenye LNB, kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi. Fungua uzi wako, na uje na aina ya LNB, ukubwa wa dishi na satelaiti unayoielekea.