Wiki ya 5 baada ya slivu: maji, protini na vidonge vinaingiaje vyote ndani ya siku moja?

kijiko_kidogo

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaolijua jambo hili kwa vitendo. Mgonjwa amefanyiwa slivu (upasuaji wa kupunguza uzito unaokata sehemu kubwa ya tumbo na kuacha mrija mwembamba), yuko wiki ya 5, amemaliza vyakula vya kusaga na ameanza vyakula laini. Maagizo aliyotoka nayo ni haya: protini isipungue gramu 60 kwa siku, maji lita 1.5, asinywe chochote wakati wa kula wala ndani ya nusu saa baada ya kula, kalsiamu mara 3, multivitamini yenye chuma mara 1, na chuma isikutane na kalsiamu.

Kila agizo peke yake linatekelezeka. Yakiwekwa pamoja, siku haitoshi. Akikazania maji, hawezi kula. Akikazania kula, mkojo unakuwa wa njano iliyokolea. Halafu kuku anakwama hata akikatwa vipande vidogo, ilhali samaki anapita bila shida. Siku ipangwe vipi, na kwa nini kuku?

subira_jikoni

Ndugu, anza kwa kuhesabu saa kabla ya kuhesabu gramu.

Mtu anayeamka saa 12 asubuhi na kulala saa 3 usiku ana saa 15. Akila mara 5, kila mlo dakika 30 na nusu saa ya kusubiri juu yake, saa 5 zimekwenda bila tone la maji. Zimebaki saa 10. Lita 1.5 kwa saa 10 ni mililita 150 kila saa, yaani kijiko kikubwa kimoja cha mililita 15 kila baada ya dakika 6. Anayengoja asikie kiu hawezi kufikia hapo, wala hawezi kufidia jioni, kwa sababu tumbo lililobaki baada ya slivu hushika mililita 100 hadi 150 tu na wiki ya 5 bado lina uvimbe. Glasi ikimiminwa kwa mkupuo itaishia kwenye maumivu ya kifua au itarudi.

Tumia chupa 3 za nusu lita. Ya kwanza iwe imekwisha ifikapo saa 5 asubuhi, ya pili saa 9 alasiri, ya tatu kabla ya kulala. Chupa ikae mkononi, si kwenye friji. Kama maji baridi yanamkaza kifuani, yawe vuguvugu. Vinywaji vyenye gesi aviache kabisa, gesi ikipanuka ndani ya mrija mwembamba inauma sana.

Milo iwe saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 alasiri na saa 1 usiku. Gramu 60 ukizigawa kwa 5 ni 12 kila mlo, na gramu 12 si nyingi kama zinavyosikika. Ni samaki aliyepikwa gramu 50 hadi 60, au kuku gramu 40, au mtindi mzito uliochujwa maji gramu 120. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo peke yake halitoshi mlo. Maziwa mililita 200 yaliyokorogwa na vijiko vikubwa 2 vya maziwa ya unga yasiyo na mafuta nayo yanafika 12, ila maziwa yakimletea gesi au kuharisha (hutokea sana baada ya upasuaji huu) mpe mtindi au maziwa yasiyo na laktosi. Na kinywaji cha protini kinahesabika pande zote mbili: gramu zake zinaingia kwenye protini, mililita zake zinaingia kwenye maji. Kwa wiki hizi, milo 2 kati ya 5 ikiwa ya kunywa, siku inapumua.

Kwenye sahani, protini kwanza. Mboga iliyoiva vizuri ifuate, wanga mwisho, nafasi ikibaki.

moto_mdogo

Niongezee la kuku, maana ndilo linalowachosha wengi.

Nyama ya kidari haina mafuta, na nyuzi zake zikipata moto mkali hujikaza na kukamua maji yake. Ukiitafuna inageuka kamba zinazoshikamana. Mrija wa slivu una kona katikati, na hapo ndipo pembamba kuliko kwingine. Donge la kamba linasimama pale. Samaki nyama yake imepangwa kwa matabaka, inaachana yenyewe hata isipotafunwa kikamilifu. Kuhusu ukubwa wa kipande umefanya vizuri, ila ukavu ndio unaokwamisha.

Chukua paja badala ya kidari. Lipike ndani ya supu, moto mdogo, sufuria imefunikwa, mpaka nyama iachie mfupa ukiigusa. Ichambue, kisha ikate kwa kukingama na nyuzi, uikoroge na mchuzi au mtindi iwe na majimaji. Usiipashe ikiwa kavu. Kuku wa jana aliyepashwa kwenye maikrowevu ndiye anayekwama kuliko wote. Akipashwa, apashwe ndani ya mchuzi.

Kijiko kiwe cha chai au cha mtoto. Tonge lisizidi ukubwa wa harage moja, litafunwe mara 20 hadi 30, na kijiko kiwekwe chini mpaka lililo mdomoni limezwe. Kutafuna kwa haraka huku kijiko kinachofuata kimeshajazwa ndiko kunakoharibu mlo.

Mfundishe kuzitambua dalili zinazotangulia maumivu: kwikwi, kamasi kuchuruzika ghafla, chafya, au kukazwa kwenye chembe cha moyo. Ikija moja, mlo umekwisha, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Kile kimoja ndicho kinacholeta kutapika.

Kikikwama asinywe maji kukisukuma. Maji yatakaa juu ya donge na kuongeza shinikizo. Asimame, atembee taratibu, ateme mate badala ya kuyameza. Mara nyingi kinashuka chenyewe au kinacheuliwa pamoja na mate yenye povu. Siku hiyo arudi kwenye vya kunywa. Kama mate yenyewe hayapiti na saa zinazidi kwenda, apelekwe hospitali.

Mkate laini nao uko kundi hilo, unajifinyanga kuwa donge la unga. Uliokaushwa kwa moto hupita vizuri zaidi. Wali ungoje kwanza.

dawa_kwa_saa

Upande wa vidonge. Mwili haunyonyi vizuri kalsiamu nyingi kwa mpigo, ndiyo maana wanaigawa: miligramu 500 mara 3 inatimiza 1500, na lengo la kawaida ni 1200 hadi 1500 kwa siku ukijumlisha na ya kwenye chakula. Angalia kifungashio: iwe sitrati ya kalsiamu. Kaboneti inahitaji asidi ya tumbo ili iyeyuke, na tumbo lililokatwa lina asidi kidogo, tena wengi huwa wanatumia dawa ya kuzuia asidi katika miezi hii.

Chuma na kalsiamu zipishane angalau saa 2. Kwa ratiba aliyoitoa subira_jikoni, kalsiamu inakaa saa 2 asubuhi, saa 8 na nusu mchana na saa 2 usiku. Multivitamini yenye chuma inakaa saa 5 na nusu asubuhi, katikati kabisa. Chai na kahawa nazo hufunga chuma, zisiwe karibu na saa hiyo.

Soma kiwango cha chuma kwenye multivitamini. Za kawaida mara nyingi zina miligramu 18 au chini yake. Mwanamke anayepata hedhi akifanyiwa slivu au baipasi (upasuaji unaounganisha mfuko mdogo wa tumbo moja kwa moja na utumbo) huhitaji 45 hadi 60 kwa siku, kwa hiyo huenda akahitaji kidonge cha ziada. Vitamini B12 kwa mdomo ni mikrogramu 350 hadi 1000 kila siku, au sindano ya 1000 mara moja kwa mwezi. Vitamini D huanzia yuniti 3000, kisha hurekebishwa kufuatana na kipimo cha damu. Thiamini (vitamini B1) isiwe chini ya miligramu 12.

Hiyo thiamini usiidharau. Akiba yake mwilini ni ya wiki chache. Mtu anayetapika kila siku kwa wiki 2 au 3 anaweza kuimaliza, na matokeo yake ni macho kuchezacheza, kuyumba anapotembea na kuchanganyikiwa, madhara ambayo yakichelewa kutibiwa hayarudi nyuma. Mgonjwa wa namna hiyo akifikishwa hospitali, watajieni waganga upasuaji aliofanyiwa, kwa sababu thiamini inatakiwa itangulie dripu ya sukari.

Vidonge vikubwa visagwe au vitafutwe vya kutafuna, isipokuwa vile vinavyotoa dawa polepole. Hivyo ukivisaga, dozi ya siku nzima inatoka kwa pamoja. Dawa za maumivu za aina ya ibuprofeni na diklofenaki asizitumie bila ruhusa ya daktari wake. Kwa aliyefanyiwa baipasi ni marufuku ya kudumu, huleta kidonda pale mfuko mdogo wa tumbo ulipounganishwa na utumbo, na sigara hufanya vivyo hivyo. Parasetamoli inafaa.

mizani_ya_chakula

Nimpinge kidogo subira_jikoni juu ya protini ya kunywa. Kwa wiki ya 5 sina neno. Ila iwekewe mwisho, tuseme wiki ya 8 hadi ya 10, ibaki kinywaji kimoja kwa siku au kisiwepo. Kimiminika hakikai tumboni, kinateremka ndani ya dakika chache, na ile hali ya kushiba kwa saa 3 au 4 ambayo ndiyo faida ya tumbo dogo haipatikani. Anayeendelea kunywa chakula mwezi wa 6 atakuwa na njaa kila saa. Ndivyo ilivyo pia kwa biskuti na vyote vinavyoyeyuka mdomoni: havikwami, haviumi, mtu anaona ndivyo vinavyomkubali, na uzito unasimama.

Sababu ya kutokunywa baada ya mlo ni hiyo hiyo. Maji hukiteremsha chakula kabla ya wakati wake.

subira_jikoni

Nakubali, mizani_ya_chakula. Wiki ya 8 hadi ya 10 ni kipimo kizuri.

kijiko_kidogo

Shukrani nyingi sana, nyote. Ratiba nimeichapa. Jambo jingine: anapata kizunguzungu akiinuka asubuhi, na siku nyingine kama saa moja na nusu baada ya kula. Anatumia dawa ya presha aliyokuwa nayo kabla ya upasuaji, yenye ya kukojoza ndani yake. Hana kisukari.

dawa_kwa_saa

Hilo la asubuhi lisilale. Uzito ukishuka, presha hushuka nayo, mara nyingi mapema kuliko watu wanavyotarajia, na dozi ya zamani inakuwa kubwa mno. Dawa ya kukojoza kwa mtu asiyefikia lita 1.5 inamkausha zaidi. Mpimeni presha akiwa amekaa, kisha tena baada ya kusimama dakika 1 hadi 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, mpigieni daktari siku hiyo hiyo na namba mkononi. Msikate dawa wenyewe, ila msingoje kliniki ya mwezi ujao.

mizani_ya_chakula

Na la baada ya kula ni jingine. Kuna aina mbili za hali hii ya kujisikia vibaya baada ya mlo, zinachanganywa sana. Ya mapema huja dakika 10 hadi 60 baada ya mlo: chakula chenye sukari nyingi kinaingia utumboni haraka na kuvuta maji, moyo unakimbia, jasho, tumbo linasokota, kuhara. Ya kuchelewa huja saa 1 hadi 3 baada ya mlo: sukari ya damu ilipanda ghafla, insulini ikatoka kupita kiasi, sukari ikaanguka. Mtu anatetemeka, analowa jasho, ana njaa kali.

Zote zinawakumba zaidi wa baipasi, na ile ya kuchelewa kwa kawaida hujitokeza miezi mingi baadaye, mara nyingi baada ya mwaka. Kwa slivu ya wiki ya 5 bila dawa za kisukari, mimi ningetilia shaka maji na presha kwanza. Lakini kupima ni rahisi kuliko kubahatisha: kikimjia, pima sukari kwa kidole pale pale. Ikiwa chini ya 70 kwa miligramu, au 3.9 kwa milimoli, apewe gramu 15 za sukari, kisha mlo wa protini muda mfupi baadaye, kwa kuwa sukari peke yake itamwangusha tena. Andika alichokula kabla yake. Juisi na asali kwenye mtindi huwa hazitajwi mpaka uulize.

moto_mdogo

Kabla hujafunga daftari lako, kijiko_kidogo, andika na haya ukurasa wa mbele: homa, mapigo ya moyo yanayozidi 120 akiwa ametulia, maumivu ya tumbo yanayopanda bega la kushoto, pumzi kukatika, mguu mmoja kuvimba na kuuma, choo cheusi kama lami. Mojawapo ikitokea, ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Angalizo moja: vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi pia, ila hicho hakinati wala hakina uvundo ule mkali wa damu. Mkishindwa kutofautisha, nendeni.

Nywele zikianza kutoka mwezi wa 3 au wa 4 msishtuke. Ni mwitikio wa mwili kwa upasuaji na uzito kushuka haraka, na huota tena. Zikiendelea kupukutika kupita mwaka, waulizeni wapime chuma, zinki na protini.

kijiko_kidogo

Nimeandika. Presha imepimwa sasa hivi: amekaa 118/76, amesimama 94/64. Tunampigia daktari.