Jiwe la milimita 9: leza au kusubiri?

Swali: Ndugu zangu, kipimo cha CT kimeonyesha jiwe la milimita 9 kwenye mrija unaoshusha mkojo kutoka figoni, na daktari amependekeza livunjwe kwa leza bila kupasuliwa. Kifaa hicho hupita wapi, na kwa nini nisisubiri litoke lenyewe?

Jibu la kwanza: Pole sana. Mawe yasiyozidi milimita 5 mara nyingi hutoka yenyewe, lakini lako ni kubwa, na mrija ukiziba kwa muda mrefu figo huweza kuharibika. Ukiwa katika usingizi wa dawa, daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye njia ya mkojo, akaingia kibofuni, kisha akapanda hadi penye jiwe, ambalo leza hulisaga likawa vumbi au vipande vinavyotolewa kwa kikapu kidogo cha waya.

Jibu la pili: Mimi nilifanyiwa. Uliza mapema kuhusu stenti, yaani kimrija laini kinachoachwa ndani kwa siku au wiki chache. Kilinifanya niende msalani kila mara, na mkojo ukawa mwekundu kidogo. Andika tarehe ya kukitoa, kwani kikisahaulika huota mawe. Ukipata homa na kutetemeka, nenda hospitali usiku huohuo.

Jibu la tatu: Omba pia vipande vipimwe maabara, ili ijulikane aina ya jiwe.