Madoa ya mwanangu huvimba yakisuguliwa, na tohara iko karibu. Naomba ushauri

UmmuK_Langoni: Assalamu alaikum jamaa. Mwanangu wa kiume ana miezi 16. Tangu ana minne ametokwa na madoa ya hudhurungi kifuani na mgongoni. Kwanza tuliambiwa upele, tukajipaka dawa nyumba nzima, wapi! Aliyegundua ni bibi yake. Akimkanda mafuta ya nazi, doa alilolisugua huvimba papo hapo na kuwa jekundu, mengine yametulia. Majirani wakasema jicho. Tukavuka kwa boti kutoka Lamu hadi Mokowe, tukapanda basi hadi Mombasa, daktari wa ngozi akakata kipande kidogo kukipima: mastositosisi. Ametupa setirizini ya maji, dawa ya mzio. Sasa babake na wazee wamepanga tohara nyumbani, wiki tatu zijazo. Usingizi sipati.

Muuguzi_Shela: Waalaikum salaam dada. Alichokiona bibi madaktari hukiita dalili ya Darier, wenyewe hukitafuta makusudi. Seli za masti kila mtu anazo, ni walinzi wa mwili, zimebeba histamini, kemikali inayoleta uvimbe na wekundu. Kwa mwanao zimerundikana kwenye yale madoa, na zikisuguliwa au zikipata joto la ghafla humwaga histamini hiyo kwa pamoja. Haiambukizi, wala si jicho.

Tohara nyumbani usikubali. Fanyeni hospitalini, penye adrenalini, sindano ya dharura ya mzio mkali, mkononi, na mtahiri ajue ugonjwa kabla hajashika kisu. Ganzi ya lignokeini kwa kawaida haina shida. Kodeini, aspirini na ibuprofeni ndizo zinazoweza kuziamsha seli. Kwa maumivu watoto wengi huvumilia parasetamoli. Muulize daktari wako setirizini apewe saa ngapi siku hiyo.

BabaWawili_Malindi: Binti yangu alianza hivyohivyo, sasa ana miaka 9 na madoa yamefifia sana. Kwa watoto wengi hupungua kabla ya kubalehe. Kwa mtu mzima ni habari nyingine, mara nyingi huingia hadi kwenye uboho. Binti yangu alipimwa triptezi ya damu pia, kemikali inayotoka kwenye seli za masti, uliza. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, taulo ugusishe tu usisugue, na kaskazi ikichoma asikae juani.

UmmuK_Langoni: Shukran sana. Na akizidiwa usiku nitajuaje?

Muuguzi_Shela: Midomo ikivimba, akitapika mfululizo, akipumua kwa shida au akilegea, usisubiri setirizini ifanye kazi. Ni sindano ya adrenalini pajani. Kama hamna nyumbani, mlaze chali, miguu juu, aitwe mtu wa boti au wa kubeba machela huku mwingine anapigia hospitali. Akihema kwa shida, mwache akae. Mwombe daktari akuandikie ya kuweka nyumbani, na mkufunzwe kuidunga, bibi naye.

UmmuK_Langoni: Nimemsomea bibi yote haya. Amesema wazee atazungumza nao yeye mwenyewe, leo baada ya magharibi.