Taa za Land Rover ya 1958, modeli ya 1/24: antena, resini au LED tupu?

Nyegezi_58
Wakuu, nalinganisha njia tatu za kutengeneza taa kubwa za Land Rover Series II. Taa halisi ni inchi 7, yaani milimita 178. Gawa kwa 24 unapata 7.4. Njia zenyewe: kipande cha antena ya redio na karatasi ya aluminiamu ndani, resini ya UV (kimiminika kizito cha uwazi kinachogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno) tupu, au LED ya milimita 5 ichomekwe ilivyo. Taa lazima ziwake.

SonaraKirumba
Antena, bila kusita. Ile ya kuvuta ni mabomba ya shaba ya njano yenye kromu, na yanaingiana, kwa hiyo pete ya mbele inakaa yenyewe. Bomba nene la redio kubwa hukaribia milimita 7. Upungufu huo hauonekani. Usikate kwa koleo, litabonyea. Chomeka kijiti kinachobana ndani, kata kwa msumeno wa sonara huku ukizungusha, kisha sugua ukingo kwa msasa namba 600 juu ya kioo bapa. Bakuli la ndani: tandika aluminiamu juu ya ufutio, kandamiza kwa gololi ya beringi ya milimita 6. Bati la kopo, lile wanalokunjia vibatari mafundi wa mtaa wa Makoroboi, Mwanza, halifai hapa. Mshono wake tu unajaza taa.

DadaCapri
Resini msiidharau, ila iwe kioo tu. Tabaka lisizidi milimita 1, kausha kwa taa ya kucha ya saluni, ndipo uongeze. Ukimwaga nene mara moja inapata joto, inasinyaa na kuachia ukingo. Chupa ikae kwanza kwenye maji ya moto, mapovu yatapanda yenyewe. Na superglue isikaribie kabisa: mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye kioo na haufutiki kwa kitambaa. Gundi nyeupe ya mbao inatosha.

Igoma_Umeme
LED ya milimita 5 inaharibu sura nzima, kichwa chake kinatokeza kama jicho la chura. Chukua ya milimita 3, nyeupe yenye unjano, Kelvini 2700 hadi 3000, usugue kichwa kiwe bapa ili mwanga usambae. Kwa chaja ya simu ya volti 5, LED inachukua kama 3, zinabaki 2. Kwa miliampea 10 unahitaji rezista (kizuizi cha umeme) ya omu 200, hivyo weka 220. Mimi ningeweka kilo-omu 1 kabisa. Taa za enzi hizo hazikuwa kali. Kila LED na rezista yake, la sivyo moja itang'aa kuliko mwenzake. Visha miguu yake mpira, maana bomba ni chuma, itapiga shoti.

Halafu paka ndani ya bodi rangi nyeusi kabla ya kufunga chochote. Plastiki inapitisha mwanga, boneti nzima itawaka.

Nyegezi_58
Basi antena, kioo cha resini, LED ya 3. Na taa ndogo za pembeni?

SonaraKirumba
LED ya 3 hiyo hiyo, ondoa ukingo wake wa chini kwa tupa. Ila kagua seti yako ya vipande vya modeli kwanza mkuu: Series II taa kubwa ziko katikati, kandokando ya grili. Zilihamia kwenye mabawa, yaani mabati yanayofunika magurudumu ya mbele, mwishoni mwa miaka ya 1960. Kama bawa lina tundu la taa kubwa, lizibe kwa plastiki na puti kabla hujakata bomba.