Mjadala: Laptopu ya kazi ya bei ya juu, tukubali iliyofungwa moja kwa moja?

Mtoa mada:
Wakuu, kila mtu akiuliza anunue laptopu gani ya kazi, majibu ni yale yale. Mmoja anasema MacBook Pro, wa pili anasema ThinkPad ya Lenovo, wa tatu analeta mashine yenye taa za rangi kama disko, na mada inaishia kwenye kejeli. Naomba leo tubishanie jambo moja tu. Mtu anayenunua mashine ya daraja la juu, inayomlisha, akubali iliyofungwa, yaani RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na diski zimelehemiwa kwenye bodi kuu zisichomoke na betri imegundishwa, kwa kuwa tu ina kasi na inakaa na chaji?

Msimamo wangu ni hapana, labda programu zake zimlazimishe.

Tukumbushane tulikotoka. Mwaka 2012 Apple walitoa MacBook Pro ya kwanza yenye skrini ya Retina, RAM imelehemiwa kwenye bodi na betri imebandikwa kwa gundi. iFixit, ambao hufungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka, waliipa 1 kati ya 10. Watu walilalamika, kisha wakanunua. Watengenezaji wengine walikuwa wanatazama. Mwaka 2024 Intel wakaleta prosesa za Core Ultra 200V, ambayo RAM iko kwenye kifurushi kimoja na prosesa na haivuki GB 32. Yaani unatakiwa ujue leo kazi zako zitakuwa nzito kiasi gani miaka mitano ijayo. Nani anajua hilo?

Mhariri wa video:
Mkuu, unaongea kana kwamba kulehemu ni uchoyo mtupu. RAM ikikaa karibu na prosesa inakula umeme kidogo na data inapita kwa wingi. Chipu ya Apple ya M1 Max ya 2021 ilikuwa inapitisha GB 400 kwa sekunde, na RAM yake, hadi GB 64, inatumiwa na prosesa na sehemu ya michoro kwa pamoja. Linganisha na RTX 4090 ya laptopu, kadi ya michoro ya Nvidia, ambayo ina GB 16 zake peke yake. Mradi ukizidi hapo, unaanza kuona mashine inakwama.

Halafu kuna suala la umeme ambalo wauzaji hawapendi kulitaja. Betri za laptopu hazizidi wati-saa 100 hivi kwa sababu kanuni za usafiri wa anga zinaweka kikomo hapo kwa abiria asiye na kibali maalumu. Mashine inayotafuna wati 200 ingeimaliza betri hiyo ndani ya nusu saa, kwa hiyo ukichomoa chaja inajipunguza yenyewe. Mimi kazi yangu nyingi naifanya mbali na soketi. Kasi ninayoipata nikiwa na chaja nataka niipate na bila chaja. Nikiipata hiyo, bisibisi ya nini?

Fundi:
Bisibisi utaikumbuka siku haiwaki.

Kwenye MacBook Pro tangu 2018, zilipoanza kutumia chipu ya usalama ya T2, data kwenye diski imesimbwa na ufunguo umefungiwa ndani ya chipu. Diski yenyewe haichomoki. Bodi ikifa, njia iliyobaki ni kuifufua bodi hiyo hiyo mpaka iwake, na si kila bodi inafufuka. Kwenye mashine yenye SSD ya M.2 (diski ndogo ya kuchomeka) nachomoa, kama umeifunga kwa nywila unanipa ufunguo wako, nasoma kwenye mashine nyingine, unaendelea na kazi siku hiyo hiyo.

Mhariri wa video:
Asiye na nakala rudufu atapoteza data hata kwa M.2, fundi. Hilo ni suala la nidhamu.

Mchoraji wa majengo:
Mnabishana sana, lakini wengine tulishaamuliwa. Programu za usanifu kama Revit, 3ds Max na SolidWorks ni za Windows. Unaweza kuzunguka huku na huko kwa mashine pepe (Windows inayoendeshwa ndani ya Mac), lakini si kwa mradi mkubwa wenye mteja anayesubiri. Kwa hiyo kabla hamjafika kwenye RAM na gundi, mtu aorodheshe programu zake. Anayehariri kwa Final Cut au kurekodi kwa Logic naye ameamuliwa, upande wa Mac.

Kwangu swali ni lipi kati ya ThinkPad P, HP ZBook na Dell Precision (mwaka 2025 waliziita Dell Pro Max, sijui jina la zamani liliwakosea nini). Hizi zinakuja na draiva (programu za kuendesha kifaa, kama kadi ya michoro) zilizothibitishwa na watengenezaji wa programu. Programu ikianguka, huduma kwa wateja haikuambii "kadi yako hatuitambui".

Mwanaprogramu:
Naungana na mchoraji, na upande wangu kinacholazimisha ni CUDA, mfumo wa Nvidia wa kufanyia hesabu nzito kwenye kadi ya michoro. Programu nyingi za kufunza modeli za AI zimeandikwa kwa kadi za Nvidia, na macOS, mfumo wa kompyuta za Apple, haina CUDA ya kisasa tena. Mlango huo ulifungwa tangu toleo la Mojave la 2018.

Ila niseme jambo linaloniudhi kuliko kulehemu: majina ya kadi. Mtu anasoma "RTX 4090" kwenye laptopu anadhani ni ile ya kompyuta ya mezani. Sio. Ya mezani ina chipu kubwa zaidi na GB 24. Ya laptopu ina chipu ndogo na GB 16. Na hata laptopu mbili zenye jina hilo hilo hazilingani, kwa sababu mtengenezaji anaruhusiwa kuipa kati ya wati 80 na 150, kutegemea feni na unene wa mashine. Unaweza kulipia daraja la juu kabisa kwenye laptopu nyembamba ukapitwa na ya daraja la chini iliyo kwenye laptopu nene. Idadi ya wati huwa imefichwa kwenye ukurasa wa mwisho wa maelezo, kama imewekwa. Mwenye kutaka kununua aanze hapo, na atafute vipimo vya mzigo wa nusu saa, si vya dakika moja. Dakika ya kwanza kila laptopu ni shujaa.

Mhasibu:
Samahani wakuu, mimi ni Excel na barua pepe. Nimo humu?

Mwanaprogramu:
Umo kidogo. Kama unatumia Power Pivot, zana ya Excel ya kuchambua data nyingi, fahamu kwamba Excel ya Mac haina. Na ukivutiwa na laptopu za Windows zenye chipu ya Snapdragon, ambayo si ya aina ya Intel, kwa ajili ya betri, hakikisha kwanza draiva za printa na skana yako zipo. Programu zilizoandikwa kwa chipu za Intel, Windows inaziigiza zikafanya kazi; draiva haziigizwi. Baada ya hapo tafuta kibodi nzuri na skrini isiyoumiza macho. Hela inayobaki ni yako.

Mtoa mada:
Nirudi kwa mhariri. Hoja ya RAM nakukubalia kwa sehemu, na nitakuongezea ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Framework, waliojenga jina lao kwa laptopu ambayo unabadilisha hata bodi kuu huku fremu ikibaki ile ile, mwaka 2025 walitangaza kompyuta ya mezani yenye RAM iliyolehemiwa. Chipu ya AMD waliyoichagua ilihitaji upana wa kupitisha data ambao moduli za kuchomeka hazikuweza kuuhimili. Kama wao wameshindwa, basi si uchoyo mtupu.

Lakini tazama upande wa pili. Mwaka 2024 ThinkPad P1 Gen 7 ilikuja na LPCAMM2, moduli ya RAM ya aina ile ile inayotumia umeme kidogo, ila imefungwa kwa skrubu. Inawezekana, basi, kwa mashine nyingi. Na diski je? SSD haina kisingizio cha upana, maana M.2 inatosha kabisa. Betri imegundishwa kwa sababu gani ya kasi? Na ile kibodi ya kipepeo ya Apple, iliyoanza 2015: kitufe kikikwama kwa vumbi, kilichobadilishwa ni sehemu yote ya juu pamoja na betri. Mwaka 2022 walikubali kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Kulehemu RAM kuna sababu za uhandisi; haya mengine yamejipenyeza nyuma yake.

Fundi:
Niongeze kwamba hakuna chapa yenye utakatifu. ThinkPad T14 Gen 5 ya 2024 ilipata 9 kati ya 10 kwa iFixit, wakati X1 Carbon, ya kampuni hiyo hiyo na ghali zaidi, RAM yake imelehemiwa. Lenovo na Dell huweka wazi vitabu vya matengenezo ya mashine zao, na Apple nao walianza kutoa vya MacBook mwaka 2022. Pakua kitabu cha modeli unayoitaka kabla ya kulipa, uhesabu hatua za kubadilisha betri.

Mchoraji wa majengo:
Na waranti isomwe vizuri. Kuna ile ambayo fundi anakufuata ulipo siku inayofuata ya kazi, na kuna ile ya kutuma mashine ikakae wiki kadhaa. Mimi ningependelea laptopu ya wastani yenye ya kwanza kuliko ya kifahari yenye ya pili.

Mhariri wa video:
Nimewasikia. Diski na betri nakubali hazina utetezi. Bado nitanunua iliyofungwa, maana hakuna inayofunguka inayonipa kasi hiyo bila chaja. Kwa usalama nina mashine ya pili ya zamani, na mradi wote uko kwenye diski ya nje, yangu ikizima nahamia huko.

Mtoa mada:
Sasa hiyo ya pili, bei yake uijumlishe kwenye ile ya kwanza ndipo ulinganishe na za kwetu.

Mhariri wa video:
Nimejumlisha. Inabaki kuwa ghali, na bado inanitoshea kuliko kubeba chaja ya kilo moja. Ila siku LPCAMM2 ikifika GB 400 kwa sekunde, niiteni.